Manju wa Unyamwezi na Lugha ya Msitu

Katika mwambao wa Afrika Mashariki mtu mwenye kipawa cha kutunga na kuimba huitwa malenga. Bara, hasa katika nchi iliyo kati ya Tabora na ziwa la Viktoria, mtu huyo huitwa manju. Wasukuma kwa lugha yao humwita ningi. Wengi huyatumia majina haya kama kwamba moja ni kivuli cha jingine, na kwa mwanafunzi wa shule jambo hilo latosha. Lakini kazi zenyewe hazifanani sana. Jina la malenga siku hizi limeelekea kwa mtunzi wa mashairi, mtu wa kalamu na mizani. Manju ni mtu wa uwanjani. Hutunga, huongoza uimbaji, hutunza kikundi, huchagua wachezaji, hujibizana na manju wa upande wa pili, tena aghalabu hujua dawa. Sauti ikimpotea, kazi yake imekwisha. Wala hana kitabu cha kumkumbusha.

Mamanju wawili wa magharibi wamepata bahati ya kuandikwa na mtaalamu. Mwaka 1988 Elias Songoyi alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya msanii na dola katika Tanzania, akawachukua Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Tabora kuwa mfano. Mmoja aliikosoa dola na mwingine aliiunga mkono. Tangu hapo wawili hao wametajwa mara nyingi na waandishi wa fasihi na siasa. Lakini jambo moja limeachwa kando, nalo ni ardhi. Mamanju wa magharibi, wawe wa kusifu au wa kusuta, walirithi sanaa iliyozaliwa shambani, porini na njiani, na lugha yake imejaa miti, maji, wanyama na udongo. Makala haya yanatazama lugha hiyo ilitoka wapi, na ilipatwa na nini Serikali nayo ilipoanza kusema juu ya misitu.

Asili yake haina budi kutafutwa katika njia ya misafara. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na maelfu ya miguu toka Bagamoyo na pwani ya Mrima, kupita Ugogo na Unyanyembe, hata Ujiji. Waliokanyaga kwa wingi ni Wanyamwezi wenyewe. Walikwenda pwani na pembe, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Na mwanamume aliyekuwa hajafika pwani hakuhesabiwa sana mbele ya wenziwe. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa karne ya kumi na tisa, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya watu hawa walikuwa wafanya kazi wa ujira, wenye desturi zao, viongozi wao na migomo yao. Tena walikuwa na nyimbo zao.

Aliyeanzisha nyimbo ni kirangozi. Aghalabu alichaguliwa na wapagazi wenyewe. Alitangulia mbele na bendera, kichwani amevaa manyoya au ngozi, akifuatwa na ngoma na baragumu la pembe. Wasafiri wa Kizungu walioandika habari za safari zao walistaajabu jinsi alivyotunga papo hapo: juu ya tajiri mwenye mkono wa birika, juu ya njaa, juu ya kambi iliyo mbali, juu ya kisima kilichokauka. Msafara uliitikia. Hapo ndipo penye mbegu ya manju wa baadaye. Kirangozi hakuwa mwimbaji wa kustarehesha watu. Aliwapeleka watu mahali, na wimbo wake ulikuwa na habari ndani yake. Aliyeusikiliza vizuri alijua maji yako wapi.

Majina ya njia hiyo yanashuhudia jambo hilo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika isiyokuwa na maji mazuri, wasafiri wakaiita Marenga Mkali. Kati ya Ugogo na Tura, mlango wa Unyamwezi, palikuwa na pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Majina haya ni ya kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Malenga katika Kigogo ni maji; msomaji asidhani kwamba washairi waliwahi kukauka pale. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za bara. Kivumishi -kali ni cha Kiswahili. Kwa sarufi ya pwani ingepasa kusemwa Marenga Makali, kwa kuwa maji ni ya ngeli ya ma-, lakini vitabu vya wasafiri vimeandika Mkali. Labda ni masikio ya wageni yaliyokosea. Labda ndivyo wapagazi walivyosema hasa, maana Kiswahili cha njiani kilikuwa cha watu wa lugha nyingi waliokutana kwa haraka. Liwalo na liwe, jina limefanya kazi yake. Neno moja la Kigogo na moja la Kiswahili yalitosha kumwonya mtu abebe maji, au afe.

Njia hiyo iliwapa Wanyamwezi Kiswahili, lakini nao walikitia Kiswahili maneno. Kubwa kupita yote ni miombo. Wanyamwezi huuita mti wake muyombo, na leo wanasayansi wa dunia nzima hutumia neno hilo kuitaja misitu mikavu inayotanda toka Angola hata Msumbiji. Ni ajabu kidogo kwamba neno la watu wa Tabora limefika katika vyuo vya mbali, ilhali mwenye gari apitaye Tabora huona tu "pori". Wanzuki nalo ni la huko, pombe ya asali, na ndani yake mtu huisikia nzuki, ambayo ndiyo nyuki ya Kinyamwezi na Kisukuma. Hata mbuga lina habari yake. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi mbuga ni bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Maana hiyo ilichukuliwa na wataalamu wa udongo wakati wa utawala wa Kiingereza, pamoja na luseni, itogolo na ibushi, majina ambayo wakulima wa Usukuma walikuwa wakigawia udongo wao. Mbuga ya leo, yaani mahali pa kutazama wanyama kwa tiketi, ni maana nyingine kabisa.

Baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi ilikufa. Nyimbo hazikufa pamoja nayo. Nyingine zilihamia katika kazi nyingine, nyingine zilibaki kwa vyama vya wawindaji na waganga ambavyo tangu zamani vilikuwa na nyimbo zao: bayege, wawindaji wa tembo, banunguli, wawindaji wa nungunungu, bayeye, watu wa nyoka. Kitabu kikubwa cha Frank Gunderson kilichotoka mwaka 2010 kimekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya mia tatu, na mtu akikisoma huona jinsi vyama hivyo vilivyofuatana na wapagazi na wakulima katika ukoo mmoja wa sanaa. Huko nyuma, mwaka 1909, Erich von Hornbostel alikuwa amekwisha kuchapisha uchunguzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa fonografu. Lakini yeye alitafuta sauti na mizani ya muziki, si majina ya miti.

Nyimbo za bayege zina uzito wa pekee kwa habari yetu, kwa sababu chama hicho kiliishi kwa mnyama aliyekuwa akipungua. Pembe ndizo zilizoifanya Tabora kuwa Tabora. Kadiri tembo walivyouawa katika Unyamwezi, wawindaji walilazimika kwenda mbali zaidi, na mwindaji anayekwenda mbali huimba juu ya umbali. Si haki kumwita mtu huyo mlinzi wa wanyama, kwa kuwa alikuwa akiwaua. Ila alijua kwa hesabu ya miguu yake kwamba hawapo tena walipokuwa, na elimu hiyo ilitiwa katika wimbo kabla haijatiwa katika ripoti yoyote. Mrina asali naye hali kadhalika. Humfuata mlembe, ndege aongozaye kwenye nyuki. Huchagua mtundu au muyombo wa kubandua gome la kutengenezea mzinga. Hujua mti upi huchanua mwezi gani. Kiswahili kimemtengea kitenzi chake mwenyewe, kurina, ambacho hakitumiki kwa jambo jingine lolote ila asali.

Basi manju wa karne ya ishirini alikulia katika urithi huu. Namna ya kuingia katika kazi yake ilikuwa na taratibu zake. Katika Usukuma, kijana mwenye sauti alijiunga na mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya mashindano, Bagika au Bagalu, akafunzwa na mkubwa wake, akapewa dawa ya kuvuta watu na ya kujikinga na wapinzani. Mashindano yalikuja baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa. Vikundi viwili viliwekwa uwanja mmoja, kila kimoja kikicheza upande wake, na kile kilichovuta watazamaji wengi ndicho kilichoshinda. Hapakuwa na mwamuzi. Watu walipiga kura kwa miguu. Manju aliyependwa alituzwa, na neno hili kutuza ndilo mzazi wa tuzo ambayo leo hutolewa katika kumbi zenye mazulia.

Ushindani huo ulijenga lugha ya namna yake. Manju hujitaja kwa jina ndani ya wimbo, ili usiibwe. Humtaja mpinzani wake. Hutaja kijiji, kilima, kisima, ng'ombe wa fulani. Huuliza maswali, huamuru, hutisha, hucheka. Sentensi yake ina mtenda, tena mtenda mwenye jina, na msikilizaji mara nyingi ni nafsi ya pili: wewe uliyekuja, wewe uliyelala, wewe uliyeuza. Mwenye kuimba namna hii mbele ya jamaa za anayemtaja anajihatarisha, na hatari hiyo ndiyo inayowaleta watu uwanjani. Bagika na Bagalu wasingedumu toka karne ya kumi na tisa kama wangekuwa wakiimba mambo yasiyomhusu mtu.

Serikali ya Tanganyika huru iliviona vikundi hivi mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, Nyerere, ambaye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisema kwamba nchi isiyokuwa na utamaduni wake ni kundi la watu lisilo na roho. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngoma zilitazamiwa kuieleza siasa ya Ujamaa kwa watu wa vijijini. Katika hali hiyo Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walipata nafasi ambayo hakuna kirangozi aliyepata kuiota. Sauti iliyokuwa ya uwanja mmoja ikawa ya taifa.

Jina la kikundi chake lafaa kutazamwa kidogo. Hiari yashinda utumwa, Waswahili husema. Katika mji ambao historia yake huandikwa kama kituo cha biashara ya watumwa, ilhali wapagazi wake wengi walikwenda kwa hiari na kwa ujira, mtu anayeita ngoma yake Hiari ya Moyo amechagua upande gani wa historia aukumbuke. Yawezekana hakuyafikiria hayo. Majina ya ngoma hutolewa kwa sababu nyingi. Lakini maneno hubeba zaidi ya nia ya mwenye kuyatamka.

Songoyi alimweka Mwinamila upande wa wanaosifu, na pengine wasomaji wa baadaye wamemdharau kwa hilo. Dharau hiyo ina haraka. Kusifu ni sehemu ya kazi ya manju tangu enzi ya watemi, na mwenye kusifu kwa ufundi huwa anamfunga anayesifiwa kwa sifa alizompa: ukimwambia mtemi mbele ya watu kwamba ndiye mleta mvua, umemwekea deni. Kalikali alichagua njia ya pili, ya kusema waziwazi lililo baya. Njia zote mbili zina mtu ndani yake. Zote mbili zinamwelekea mwenye mamlaka na kumwita.

Sasa tuangalie lugha iliyokuja kutoka upande wa pili. Tanzania ilipata sifa duniani kwa kampeni zake za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza. Mwaka 1970 ilikuwapo Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 Mtu ni Afya, iliyowashirikisha watu wapatao milioni mbili. Mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Siasa ni Kilimo, la mwaka 1972, lilikuwa tamko la Chama lakini lina umbo lilo hilo. Si haba: vyoo vilichimbwa, madimbwi yalifukiwa, miti ilipandwa. Hakuna sababu ya kuzicheka kampeni hizi. Lakini mtu wa elimu ya lugha hawezi kukosa kuona kwamba zimetoka katika kinu kimoja: nomino, kisha ni, kisha neno la kuieleza.

Sentensi ya ni katika Kiswahili ina tabia yake. Haina kiambishi cha nafsi. Haina wakati. Misitu ni mali leo, ilikuwa hivyo jana, itakuwa hivyo kesho. Na ikiwa mtu amekwisha kuukata msitu wote, sentensi bado ni kweli. Haimtaji mwenye mali. Haimtaji anayeichukua. Kwa hiyo yafaa sana kwa ukuta wa ofisi, kwa kuwa hakuna apitaye akajiona ametajwa. Mtu angemwomba manju wa Bagalu atunge juu ya jambo lilo hilo, yamkini angeanza kwa kuuliza ni nani aliyepita na shoka usiku.

Kiswahili kina njia ya pili ya kumficha mtenda, nayo ni tofauti ya katwa na katika. Mti umekatwa: hapa mtenda hayupo, lakini kiti chake kiko wazi, na mtu yeyote aweza kuongeza "na fulani". Mti umekatika: hapa kiti chenyewe kimeondolewa. Mti uliokatika hauna mkataji. Waweza kukatika kwa upepo au kwa uzee. Soma maandiko ya ofisi juu ya nchi ya magharibi na utaona ni mara ngapi ardhi imeharibika, misitu imetoweka, vyanzo vya maji vimekauka. Neno lenyewe la mazingira, ambalo tangu kuundwa kwa Baraza la Taifa mwaka 1983 na sheria ya mwaka 2004 limekuwa jina rasmi la mambo haya yote, limetoka katika kuzingira. Mazingira ni yale yaliyomzunguka mtu. Mtu mwenyewe amesimama katikati, amenyamaza. Ni neno zuri, wala halina mpinzani. Ila halina muyombo ndani yake.

Mvutano wa mwimbaji na dola juu ya kutaja majina si wa Afrika peke yake. Pete Seeger wa Marekani, mwimbaji wa nyimbo za kienyeji za nchi yake, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1955 akatakiwa kueleza ni wapi na mbele ya nani alikuwa ameimba. Alikataa, akahukumiwa mwaka 1961, na hukumu ikatenguliwa mwaka 1962. Kwa miaka mingi hakuonekana katika televisheni kubwa. Mwaka 1969 yeye na wenziwe walishusha majini jahazi liitwalo Clearwater, wakawa wakienda bandari kwa bandari katika mto Hudson wakiimba juu ya uchafu wa mto huo. Hakuimba juu ya mazingira. Aliimba juu ya mto mmoja wenye jina, akiwa juu ya maji yake, mbele ya watu waliokaa ukingoni. Kirangozi wa Unyanyembe angemwelewa.

Mambo ya magharibi ya Tanzania yanaonyesha kwamba jina la mahali lina nguvu hata nje ya wimbo. Njia aliyoifuata Speke mwaka 1858, alipotoka Kazeh kwenda kaskazini hata ziwani, ilipita Usukuma. Sehemu ya nchi hiyo, Shinyanga, ilifyekwa kwa nguvu toka miaka ya 1920 ili kumfukuza mbung'o, chini ya uongozi wa Swynnerton. Baadaye ikaja pamba, wakaja ng'ombe wengi zaidi, na baada ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 watu wakakusanyika mahali pamoja, kuni zikazidi kwenda mbali. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni watu walipewa miche ya kupanda. Mambo yalikwenda vizuri zaidi walipoulizwa wao wenyewe wanalindaje malisho, wakajibu: ngitili. Ngitili ni sehemu iliyotengwa na mtu au kijiji, isichungwe masika, ili majani yabaki kwa kiangazi. Ina mwenyewe, ina mipaka, na anayeiingiza ng'ombe huitwa mbele ya baraza la dagashida na kutozwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000 za ngitili. Maigizo na mikutano ya vijiji vilitumika kueneza habari, lakini si hivyo peke yake vilivyoleta mafanikio. Ila hapana shaka kwamba mradi ulipoacha kusema kwa lugha ya miche na kuanza kusema kwa lugha ya ngitili, watu walijua ni nani anayeambiwa.

Tabora haikupata neno kama hilo. Huko Urambo, nchi yenye jina la Mirambo, Waingereza walileta mpango wa karanga mwaka 1947, mmoja na ile ya Kongwa na Nachingwea, ukafa kwa hasara mwaka 1951. Baada yake ilikuja tumbaku, nayo ikakaa. Tumbaku ya kukaushwa kwa moto hula kuni, na mabani ya wakulima yamesimama katikati ya miombo ile ile inayowapa warina asali gome la mizinga. Hapa jambo ni gumu kuliko Shinyanga, kwa sababu mkulima wa tumbaku na mrina asali mara nyingi ni jirani, pengine ni ndugu, hata pengine ni mtu mmoja. Na tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto. Manju wa kuutunga wimbo huo angelazimika kumtaja jirani yake au kujitaja mwenyewe.

Upande wa kusini, katika bonde la Ugalla, warina asali walikuwa wakiingia kwa kibali kwa majira katika pori la akiba. Mwaka 2019 sehemu ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na katika hifadhi ya taifa hakuna anayetundika mzinga. Miti itapona, na hilo ni jema. Lakini katika kilindi cha msitu huo kulikuwa na kambi ambako vijana walifunzwa majina, na majina hayafunzwi kwa kutazama kupitia dirisha la gari.

Hapo ndipo kazi ya wataalamu wa lugha inapokuja, tena haina nafasi ya kungoja. Edmund Dahl alichapisha kamusi yake ya Kinyamwezi mwaka 1915. Clement Maganga na Thilo Schadeberg walitoa sarufi, matini na msamiati wa lugha hiyo mwaka 1992. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akanasa sauti za Wanyamwezi na Wasukuma, na kanda zake zimehifadhiwa Afrika ya Kusini. Katika sauti hizo mna maneno ya kazi, ya porini na ya shambani, yaliyotamkwa na watu ambao waliyatumia kila siku. Mwandishi anayezisikiliza leo akiwa hajui miti atayasikia vizuri, atayaandika kwa herufi sahihi, ataweka alama za toni mahali pake, kisha atakapofika kwenye maana atafanya kama watunga kamusi wengi wa Kiswahili walivyozoea. Mbele ya mtundu ataandika: aina ya mti. Mbele ya mkora: aina ya mti. Na mzee wa Sikonge anayejua kwamba gome la huu hubanduka vizuri na la ule halifai kwa mzinga hataulizwa, kwa sababu katika karatasi ya maswali hapakuwa na nafasi ya gome.